Mila Si Kiambatisho

Siku yangu ya kwanza kazini nilipewa fomu moja nikaambiwa nitafute kosa. Ofisi ilikuwa Homa Bay, vyumba viwili juu ya duka la mbegu, na kazi yenyewe iliitwa uhakiki. Maana yake ni kuthibitisha kwamba kijana anayeomba msaada wa karo ya chuo ndiye anayesema ndiye, anatoka anakosema anatoka, na shida aliyoiandika ni yake kweli. Niliisoma ile fomu kutwa nzima. Majina yalilingana na kitambulisho, barua ya chifu ilikuwa na muhuri, mwalimu mkuu alikuwa ametia sahihi, pasta vilevile. Saa kumi jioni nikairudisha nikasema haina kosa.

Mkuu wa Uhakiki alikuwa mzee mrefu, mkavu, asiyevua koti hata jua liwe kali namna gani. Aliichukua fomu akaiinamisha kwenye mwanga wa dirisha.

"Madam," akasema, "chifu anakaa mlimani, mwalimu mkuu yuko hapa mjini, pasta yuko Rusinga. Wote watatu wametumia kalamu moja inayovuja?"

Nikaangalia. Kila sahihi ilianza na doa dogo la wino, lile lile. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

"Usimwangalie mtu," akaniambia. "Mtu atalia, na wewe utalia naye. Angalia karatasi. Karatasi haijui kulia."

Kisha akavuta faili langu la ajira ili tumalize kulijaza kabla ya ofisi kufungwa. Akafika kwenye sehemu ya wazazi. "Baba?" Nikasema alifariki. "Mwaka gani?" Nikamtajia mwaka, ule ambao mimi nilikuwa mtoto wa kutambaa. Akaandika bila kuinua macho. Mwaka huo haukuwa wa kweli. Siku ile ile niliyofundishwa kukamata uongo ndiyo niliyoandikisha wangu, na nitaurejelea baadaye kwa sababu ndio ulionifanya nichukue kalamu leo.

Ninyi mnaohakiki siku hizi kwa kubonyeza simu mtaniwia radhi nikieleza tulivyofanya. Fomu ilisomwa mara tatu. Mara ya kwanza ulisoma mikono mitupu, kalamu iko mezani, ili usianze kusahihisha kabla hujaelewa. Mara ya pili ulisoma na rula, mstari kwa mstari. Mara ya tatu ulisoma na viambatisho, yaani zile karatasi zinazoisindikiza fomu: cheti cha kuzaliwa, barua ya kuitwa chuoni, barua ya chifu, na kwa yatima cheti cha kifo cha mzazi. Palipokosekana ulinganifu paliitwa hitilafu. Hitilafu ndogo, kama herufi iliyoruka katika jina, ilirekebishwa kwa kiapo mbele ya wakili. Hitilafu kubwa ilipelekwa kwenye ziara ya boma, yaani nyumbani kwa mwombaji. Huko ulikwenda mwenyewe bila taarifa, ukakaa, ukanywa uji kama umekaribishwa, ukaangalia.

Ziara ya boma ilikuwa na raha yake. Nakumbuka bwana mmoja wa Rusinga, mwenye mashua tatu na duka la nyavu kule Mbita, aliyetupeleka kwenye kibanda cha udongo akiapa kwamba hapo ndipo anapoishi na wanawe. Tulipokaribia mlango, mbwa wa boma akatoka mbio na kumbwekea yeye. Sisi wageni hakutushughulikia kabisa. Mkuu alimtazama yule bwana, akamtazama mbwa, akafunga daftari. "Turudi," akasema. "Shahidi ameshaongea."

Basi hivyo ndivyo nilivyofundwa, na niliiva. Nilikaa Homa Bay miaka kumi na zaidi, nikapelekwa Kendu Bay kufungua dawati dogo la kupokea fomu, kisha nikapandishwa cheo kuwa Afisa Mwandamizi na kuhamishiwa Migori. Huko sifa yangu ilinitangulia. Wazazi walikuwa wakisema ukikutana na yule mama wa uhakiki, hata jina lako mwenyewe litakupotea. Niliposikia hivyo nilifurahi. Nasema wazi kwa sababu nimezeeka na sina tena wa kumwogopa: nilifurahi.

Wakati huo kompyuta zilikuwa zimeingia. Mashine ilisoma tarehe zote na kuweka alama nyekundu mahali pasipoingia akilini. Mratibu wetu wa Migori, mtu mpole na msafi, mgeni katika sehemu zetu, aliipenda sana ile mashine. Kanuni nazo zilikuwa zimekazwa. Mwombaji akithibitika kutoa taarifa za uongo, fomu yake ilipigwa muhuri wenye maneno hayo hayo, "Taarifa za Uongo," na mlango wa Mfuko wetu wa karo ukafungwa kwake maisha yake yote. Alikuwa na siku thelathini za kukata rufaa. Baada ya hapo, basi.

Ndipo likaja faili la Akoth.

Alikuwa msichana wa Macalder, kule kwenye machimbo ya zamani ambako watu bado wanachimba na kuosha udongo wakitafuta chembe za dhahabu. Alikuwa ameitwa chuo cha uuguzi. Alama zake za mtihani zilikuwa nzuri kuliko za wengi waliopita mezani kwangu mwaka ule. Katika fomu aliandika kuwa baba yake, Okelo, ni marehemu, na akaambatisha cheti cha kifo. Mashine ikaweka nyekundu: kwa mujibu wa vyeti, Okelo alikufa miaka minne kabla Akoth hajazaliwa.

Nikamwita ofisini. Alikuja na viatu vya shule, sketi iliyopigwa pasi vizuri, faili la plastiki kifuani.

"Baba yako ni nani?" nikamuuliza.

"Ni Okelo, madam."

"Alikufa lini?"

"Sikumjua. Ni hiyo tarehe iko kwa cheti."

"Na wewe ulizaliwa lini?"

Akanitajia. Nikageuza vile vyeti viwili vikamwelekea, nikaviweka sambamba, nikaweka rula katikati. Ulikuwa ujuzi wangu, ile rula. "Sasa nieleze," nikasema.

Aliangalia vyeti, halafu akaniangalia mimi, kwa muda mrefu kidogo kuliko adabu inavyoruhusu. Nadhani alikuwa akingoja nimsaidie. Jina langu lilikuwa kwenye kibao pale mezani, na lilikuwa jina la Kijaluo kama lake.

"Hiyo ni mambo ya nyumbani, madam," akasema polepole. "Si wewe unaelewa tu."

"Mimi naelewa karatasi," nikamjibu.

Akatoka. Nikapiga muhuri.

Sasa nirudi kwenye uongo wangu, maana mtu aliyezaliwa mbali na huku huenda asielewe nilichokifanya, na aliyezaliwa huku ameshaelewa na ananichukia kidogo. Kwetu, mume akifa, mkewe hatoki. Huitwa chi liel, mke wa kaburi. Ndugu wa marehemu, au mtu mwingine wa ukoo, huweza kusimama naye, na huyo huitwa jater. Lakini watoto watakaozaliwa si wa jater. Ni wa yule aliyelala kaburini. Huchukua jina lake, hurithi shamba lake, na wakiulizwa baba yao ni nani humtaja yeye bila kudanganya. Wapo wengi, nao huitwa watoto wa boma.

Mimi ni mmoja wao. Baba yangu alizikwa miaka mitatu kabla sijazaliwa. Kulikuwa na mtu aliyelima na mama, aliyenichongea mwiko wangu wa kwanza, niliyemwita baba mdogo mpaka alipokufa. Nyumbani jambo hilo halikuwa siri wala aibu. Lakini nilipokwenda shule, na baadaye kanisani, niliona watu wakilisema kwa sauti ya chini, nami nikajifunza kulificha. Siku ya kwanza kazini nilisogeza mbele mwaka wa kifo cha baba ili hesabu ikubali. Na siku ile ya Akoth, nilipoona vile vyeti viwili, nilijua. Nilijua kabla hajafungua mdomo. Sikupiga muhuri kwa sababu sikuelewa. Nilipiga kwa sababu niliogopa kwamba nikilikubali lake, mtu angeuliza nimelijulia wapi.

Wiki tatu zikapita. Siku ya soko, mama yake Akoth akaja. Alikuwa mwanamke mfupi, mikono imepasuka kwa maji na mchanga wa kuosha dhahabu, leso imefungwa kiunoni. Hakuleta karatasi yoyote. Alisalimia, akakaa bila kuambiwa.

"Mama, wewe ni nyar wapi?" akaniuliza. Hivyo ndivyo mwanamke wa kwetu anavyomuuliza mwenzake: binti wa wapi.

"Nyar Karachuonyo," nikasema.

"Karachuonyo. Basi wewe ni Mjaluo kama mimi."

"Ndiyo, mama."

"Hapo sawa. Nilidhani wamekuleta kutoka mbali." Akakaza fundo la leso yake. "Sasa niambie wewe, nyar Karachuonyo. Kwenu, mjane akizaa, anamzalia nani?"

Karani aliyekuwa kwenye dawati la pili aliacha kuchapa. Kwa miaka yote ile nilikuwa nimewauliza watu maswali, na sikuwahi kuulizwa lililoniingia kama hilo.

"Huyo mtoto analia kila siku," akaendelea, bila hasira. "Analia si juu ya pesa. Analia ati serikali imesema baba yake si baba yake. Amesema kama Okelo si baba yake, yeye ni wa nani?"

Kesho yake nikaenda Macalder. Ilikuwa ziara ya boma iliyopaswa kufanywa kabla ya muhuri, nami niliiruka kwa sababu tarehe zilitosha. Mzee wa kijiji alinipokea barabarani akanipeleka. Boma lilikuwa dogo, limefagiwa. Kaburi la Okelo lilikuwa upande wa kulia wa nyumba ya mkewe, limewekewa saruji iliyoanza kupasuka. Hatua chache nyuma ya nyumba mama yake Akoth akanionyesha mahali ambapo kondo la nyuma lilizikwa Akoth alipozaliwa.

"Hapa," akasema. "Kwa boma ya Okelo. Ningekuwa nimemzalia mtu mwingine, ningezika hapa?"

Mzee wa kijiji akaongeza, "Madam, hata ng'ombe wa mahari, siku ikifika, wataingia kwa hii boma. Hakuna mtu ataenda kuuliza jater."

Akoth nilimkuta kwenye kijito, ameinamia karai la udongo, anazungusha maji. Sketi ya shule ilikuwa imeloa. Aliniona, akaendelea kuzungusha. Nilisimama pale na viatu vyangu vya ofisi mpaka nikaona haya, nikaondoka. Sikumwomba msamaha. Nilijiambia nitamwomba nikiwa na kitu mkononi.

Nilirudi nikaandika ripoti kurasa mbili, nikampelekea Mratibu. Siku za rufaa zilikuwa zimebaki chache. Alisoma yote kwa utulivu wake.

"Nakuamini," akasema. "Lakini Mkaguzi Mkuu wa Nairobi atauliza kiambatisho kiko wapi. Barua ya mzee wa kijiji haitoshi, kila mwombaji anaweza kumpata mzee. Mila si kiambatisho, Madam. Wewe mwenyewe ndiye uliyewafundisha vijana hapa hivyo."

Na ni kweli, nilikuwa nimewafundisha, kwa maneno yale yale.

Nilikwenda nyumbani. Ndani ya sanduku la mama yangu, aliyekuwa ameshatangulia, kulikuwa na bahasha ya karatasi zake. Nilichukua cheti cha kifo cha baba, nikachukua cheti changu cha kuzaliwa, nikatoa nakala. Asubuhi niliviweka mezani kwa Mratibu, sambamba, kama nilivyoviweka vya Akoth. Sikuweka rula.

Alivitazama. Akatazama kibao cha jina langu kupitia mlango uliokuwa wazi. Akatoa faili langu la ajira kabatini, akalifungua.

"Faili lako la ajira lina mwaka tofauti," akasema hatimaye.

"Ndiyo. Nilidanganya."

"Nikipeleka hii juu, wewe ndiye utakayepigiwa muhuri kabla ya huyu msichana."

"Peleka, sir. Huyu mtoto aliandika ukweli, mkamwita mwongo. Mimi niliandika uongo, mkanipa kazi ya kuwatafuta waongo."

Nilisema "mkamwita." Nilipaswa kusema "nikamwita." Nimelisahihisha kosa hilo kichwani mara nyingi tangu siku hiyo.

Mratibu alipeleka. Rufaa iliingia siku mbili kabla ya mlango kufungwa, lakini majibu hayakuwa na haraka kama yetu. Chuo kilifungua, wanafunzi wakaripoti, kitanda cha Akoth akapewa mwingine. Barua ilipofika, muhuri ulikuwa umeondolewa na jina lake limesafishwa, ila akaagizwa aombe upya mwaka unaofuata, kwa kuwa msaada wa mwaka ule ulikuwa umeshagawanywa. Mimi nilipata barua yangu ya onyo, na cheo cha Mratibu Msaidizi nilichokuwa nimekitarajia akapewa mtu mwingine. Nilirudishwa Homa Bay, safari hii chumba cha kumbukumbu, kupanga mafaili ya zamani. Sikunung'unika. Waswahili husema mchimba kisima huingia mwenyewe, nami nilikuwa nimechimba kwa miaka mingi.

Jambo moja lilibadilika. Uliletwa waraka kwa ofisi zote mbili, ya Migori na ya Homa Bay, kwamba alama nyekundu ya tarehe za mzazi marehemu isipigiwe muhuri kabla ya ziara ya boma. Haukutaja Akoth wala mimi. Katika kile chumba cha kumbukumbu nilichomoa mafaili ya miaka ya nyuma, nikayasoma mara tatu kama nilivyofundishwa, nikakuta mihuri mingine mitano niliyoipiga mwenyewe kwa sababu ya tarehe tu. Niliwaandikia wote. Wawili walijibu. Mmoja alikuwa ameshaolewa na ana watoto, akasema asante lakini amechoka kujaza fomu. Mwingine alituma jibu la neno moja, nami sitaliandika hapa.

Sasa nimestaafu. Nikiulizwa na vijana wa kazi hii nimejifunza nini, siwaambii waachane na karatasi. Yule Mkuu wangu wa kwanza hakukosea. Bila karatasi, mwenye mashua tatu angekula karo ya mtoto wa mjane. Ninachowaambia ni kwamba hitilafu ni swali, si jibu. Ukiiona, simama, vaa viatu, nenda ukaulize. Na kama swali lenyewe linakugusa wewe, mpe faili mwenzako, maana mwoga akipewa muhuri huumiza wengi.

Mwaka jana kaka zangu waliamua kulijengea upya kaburi la baba kule Karachuonyo. Fundi alipofika mahali pa tarehe, shemeji mmoja alinong'ona kwamba labda ingefaa jina litoshe, wageni wa mazishi ni wengi siku hizi na wanajua kuhesabu. Nikamwambia fundi aandike siku, mwezi na mwaka, na aandike kwa herufi kubwa. Nilisimama hapo mpaka saruji ikaanza kukauka.

Akoth aliingia chuo mwaka uliofuata. Akamaliza. Sasa ni muuguzi katika zahanati huko huko Nyatike, karibu na kwao Macalder, na husemwa kuwa ana mkono mwepesi wa sindano. Sikuwahi kumwona tena baada ya ile siku ya kijitoni. Ule msamaha niliojiahidi kuuomba nikiwa na kitu mkononi, sikuuomba, kwa sababu kila nilipokuwa na kitu niliona hakitoshi.

Mama yake nilikutana naye mwezi uliopita, kwenye harambee ya kanisa Migori. Amezeeka, lakini alinitambua mara moja, akanishika mkono kwa mikono yake miwili. Tukasalimiana, tukaulizana za nyumbani. Nikauliza, "Na Akoth?"

"Akoth yuko salama. Nilimwambia siku moja nitakuona, akanipa salamu zako." Akazitoa jinsi zilivyotumwa, kwa kuwa salamu hazipunguzwi njiani. "Alisema, mwambie alinirudishia baba yangu, asante. Lakini bado ana mwaka wangu mmoja."

Nilimwomba ampelekee jibu kwamba ni kweli, ninao, na kwamba ninaomba msamaha.